Barua Yenye Kopi Saba

Nianze na aibu yenyewe ili tusipotezeane muda. Ukifika Kindu kwetu Kongo leo, ukaingia kartye yetu, yaani mtaa wetu, upande wa Mikelenge ukauliza nyumba ya Asina, sekretere wa shule, watu watakuangalia tu kana kwamba umepotea, lakini ukiuliza nyumba ya Mama Delegasyo, hata bibi aliyelala kibarazani atainua kidole akuonyeshe. Jina hilo sikupewa bure. Nililitafuta mwenyewe, kwa vidole vyangu kumi, kwenye kompyuta ya shule, nikiwa na akili zangu timamu na nimeshiba.

Na yote hayo kwa sababu ya wikendi moja tu! Siku mbili, mimi na mdogo wangu Riziki, katika kamji kamoja ka kale huko Ujerumani, kando ya mto Moseli, ambako watu tangu enzi za Warumi kazi yao ni mizabibu na divai. (Ndiyo, divai. Na mimi ni binti wa marehemu mzee Ramazani, mtu ambaye hata siki alikuwa anainusa kwanza. Subirini, nitafika huko.)

Lakini ili mnielewe lazima nirudi nyuma, miaka ya vita. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli, na siku mhandisi mmoja Mjerumani alipokuwa anarudi kwao alimwachia kalenda ya ukutani. Mwaka wa kalenda ulipita zamani, picha ikabaki: mnara wenye saa, nyumba za mbao zilizopindapinda, mto, na nyuma yake vilima vyenye mimea iliyopangwa mistari kama daftari. Vita vilipotufunga, treni haiji, boti haipandi, chumvi inapimwa kwa kijiko cha chai, mimi nilikuwa na miaka ishirini na Riziki kumi na mmoja, na mchezo wetu wa kila Jumamosi baada ya chakula (kama kipo) ulikuwa kukaa mkekani chini ya ile picha na kupanga safari ya wikendi kwenda kule. Tulipanga kweli kweli, tunatoka Ijumaa, tunabeba nini, tunalala kwa nani. Riziki alikuwa na swali lake moja kila wiki (yaya kwetu ni dada mkubwa), "Yaya, kule chumvi iko?" nami namjibu iko, na anafurahi upya. Ile mistari ya vilimani tulikubaliana ni maharagwe, kwa hiyo kila safari tulikula maharagwe mpaka tukachoka. Na mama, pale nje anatwanga sombe, majani ya muhogo, alikuwa anapaza sauti, "Mukifika musalimie watu, na musinirudilie mikono mitupu!"

Basi, shangazi alipopata nafasi kwenye ndege ya mizigo ya Goma akamchukua Riziki ili aende kusoma, na miezi michache baadaye mama akafa. Dawa hazikuwapo, ndivyo ilivyokuwa. Kumpa Riziki habari kulikuwa na njia moja tu, foni, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, ambayo unabonyeza kitufe unasema maneno yako, kisha unasema "terminé" ili mwenzako naye apate kuongea. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wenye shida zao. Nikasema, "Riziki, mama amefariki juzi, tumeshazika, terminé." Nikasikia mlio wa redio, nikasikia mtoto anaanza kusema kitu, halafu ikakatika. Mdogo wangu hakupata zaidi ya hapo kuhusu kifo cha mama yake. Akakua, akasoma uuguzi, akaishia hospitali moja ya Ujerumani, na kila nilipotaka kumsimulia kwa simu alinikatiza akaanza kuuliza bei ya sabuni.

Mwaka jana sasa, napokea simu, mtu anapiga kelele kama amefunga bao: "Yaya! Nimeuona! Ule muji wa kalenda, niko naangalia munara wake na macho yangu!" Alikuwa amekwenda na wenzake wa kazi kutembea tu, akainua kichwa, saa ile ile. "Na iko kitu kingine, yaya. Ile haikukuwa maharagwe. Njo zabibu. Ni divai kila mahali!" Tulicheka mpaka machozi, tukimfikiria baba miaka yote ile, tasbihi mkononi, amekaa chini ya mashamba ya divai.

Kicheko kilipoisha akasema nije nimtembelee wiki tatu, na kwamba katika wiki hizo tatu hospitali imempa wikendi moja tu ya mapumziko, na hiyo moja anaitaka pale. "Siye wawili tu. Nimepata chumba kwa bibi mumoja mwenye kupangisha. Hakuna muntu mwingine, yaya. Nataka unielezee namna mama alikufa. Yote. Haiko kwa simu."

Nikasema sawa. Niliweka simu chini, nikalia kidogo, nikapika chai, kisha nikachukua daftari na rula, kwa sababu mimi nikishikwa na jambo kubwa napiga mistari. Na kwenye mstari wa kwanza kabisa wa mipango ya wikendi yetu, kabla ya viatu, kabla ya sweta, nikaandika: Kujitambulisha.

Msinicheke kwanza. Nyinyi mnajua mambo ya vita. Mjomba Shabani alitoka Kalima kwa baiskeli, akafika kwetu jioni amechoka, akasema kwa chefu, mkuu wa mahali, nitakwenda kesho, na hiyo kesho ilimkuta ameshaitwa mpelelezi, akafyeka nyasi za kambi siku tatu kabla ya kuachiwa. Tangu pale mimi sijalala mji wa watu bila kujitambulisha. Kampene, Lubutu, popote, mzigo uko kichwani bado nauliza kwa chefu ni wapi. Sasa niende nikalale usiku mbili katika mji wa wazungu, mji wenye mnara wa saa, na mkubwa wa mji hajui kama nipo? Riziki angeniambia kule hakuna anayefanya hivyo. Lakini sikumwuliza Riziki, nilitaka afike akute dada yake amepanga kila kitu, na huo uamuzi mdogo ndio ulionifikisha nilikofika.

Nikaandika barua kwa Kifaransa, nusu ukurasa, safi. Mheshimiwa Meya, mimi fulani, nitakuwa katika mji wako tarehe fulani, nitapokelewa na mdogo wangu Riziki, namba yake ya simu hii hapa, nakuomba utambue ujio wetu. Ningeituma vile ilivyo, leo nisingekuwa na jina. Ila barua bila muhuri mimi naiona iko uchi, kwa hiyo nikaipeleka kwa chefu wa kartye yetu, Papa Asumani, mzee mwenye heshima zake, mrefu, mpole, na mwenye mapenzi makubwa na muhuri wake. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Madamu Asina, huyu meya atajuaje kama weye ni muntu mwenye watu?"

"Kweli, Papa Chefu."

"Andika. Kwa jina la wakaaji wote wa kartye yetu, tunawaletea salamu za undugu."

Nikaandika. Akapiga muhuri mara mbili, akaongeza namba yake ya simu na cheo chake, akaniombea dua. Nami, kwa kuwa ugonjwa wangu naujua na sijawahi kuutibu, nikaongeza chini ile orodha ya watu wanaopelekewa kopi. Barua ya ofisi kwetu bila kopi inaleta maneno, kila usiyemtaja anasema umemdharau, kwa hiyo nikataja: chefu mwenyewe, mkuu wa shule, imamu, pasta, mwenyekiti wa mamas wa soko, mwakilishi wa vijana, na mkuu wa stesheni (kwa heshima ya marehemu baba, ingawa treni yenyewe tunaisikia kwa nadra). Kopi saba kwa wikendi ya watu wawili! Nikaipiga picha, nikaituma kwa kompyuta ya shule. Baadaye Riziki alikuja kuambiwa na watu wa ofisi ile kwamba walipoona orodha ile yenye vyeo walisema hapana, mtu anayekuja kupumzika hawezi kujisumbua namna hii, hawa ni wajumbe.

Wiki tatu zikapita. Ikafika Jumamosi ya salongo, siku ambayo kartye nzima tunatoka na majembe na mafagio kusafisha mifereji, na tulipomaliza Papa Asumani akatuita wote mbele ya ofisi yake, simu ameinua juu kwa mikono miwili. Jibu lilikuwa limeingia kwake. "Madamu Asina, kuja usomee watu kwa Kiswahili, wasikie wenyewe."

Nikaichukua, mikono ina matope. Mnajua kusoma kwa kutafsiri, macho yanatangulia mdomo, kwa hiyo mdomo wangu ulikuwa bado unasema "tumepata barua yenu kwa heshima kubwa" wakati macho yameshafika kwenye "delegasyo ya Kindu", yaani ujumbe mzima, yanateremka kwenye "mapokezi katika ukumbi wa mji", na kwamba Jumamosi ya ujio wetu ndiyo sikukuu yao ya mavuno, na wanaomba waambiwe tutakuwa wangapi, na meya angependa kutusalimu kwanza kwa video. Palipoandikwa kutembelea maghala na kuonja divai, mdomo wangu bila kuniuliza ukasema "kutembelea maghala na kuonja maji ya zabibu." Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la vikwembe, yaani vitenge, pale pembeni, mkristo mwema na Kifaransa anakijua, akaanza kukohoa mpaka akapigwa mgongoni.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo, naapa. Nikamwangalia Papa Asumani nikakuta macho yamejaa maji. "Tangu vita," akawaambia watu, "nani aliisha kutuandikia? Watu wa misaada wanapita na magari, wanatuhesabu, wanaenda. Lakini barua yenye kusema mukuje kwetu, nani alituandikia?" Watu wakajibu hakuna, hakuna, wengine wakapiga vigelegele, na mimi nikafunga mdomo. Nani angekuwa na moyo wa kusema?

Kabla matope hayajanikauka orodha ya wasafiri ilikuwa na watu kumi na wanne. Papa Kambale akatoa vikwembe vya namna moja, bluu yenye ndege weupe, ili delegasyo ionekane, na mimi nikateuliwa sekretere wa delegasyo kwa makofi. Nikajidanganya kwamba visa itawakatalia, jambo litajifia lenyewe taratibu. Mwoga hakosi matumaini, na mimi siku zile nilikuwa nayo tele.

Kilichonimaliza kilikuwa kikaratasi cha programu walichoambatanisha na jibu lao. Nilikifungua nyumbani, nikakisoma na rula mkononi. Kuanzia Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka Jumapili mchana hakukuwa na hata nusu saa tupu: mapokezi, magofu ya Warumi, ghala la kwanza, chakula na wakulima, vilima, ghala la pili, hotuba ya wageni, muziki, na Jumapili asubuhi ghala lingine tena. Chumba cha yule bibi hakikutajwa popote, wageni wote wamepangiwa hoteli ya uwanjani. Nikajiuliza nitamweleza Riziki kifo cha mama saa ngapi, tukiwa tumeshika glasi kati ya ghala la pili na la tatu? Nilisikia uchungu hasa, kwa sababu ile wikendi ilikuwa ya mtoto aliyekatikiwa na redio, na mimi niliyesema terminé ndiye nimemharibia tena. Na yeye wala hajui. Kila jioni ananitumia sauti, yaya nimenunua viatu vya kutembea, yaya bibi anasema anapika supu, na mimi shujaa wenu namrudishia picha za maua.

Siku ya video ikawa Jumamosi saa tisa mchana, katika darasa la sita la shule yetu. Tulitundika shuka ukutani, mashine ya kurusha picha tukaazima, jenereta inanguruma nje. Darasa lilijaa watu kama hamsini, delegasyo mstari wa mbele na vikwembe vyake vya ndege, na mimi katikati yao, mwenye mikono mipana kuliko wote (fundi alisema sekretere lazima aonekane). Shuka likawaka. Tukaona ukumbi wa mbao, mzee mnene ana mkufu mkubwa kifuani, huyo ndiye meya, na kando yake msichana ana taji kichwani na glasi mkononi, ambaye baadaye nilijua kwamba ni malkia wa divai, kila mwaka wanamchagua mmoja. Halafu pembeni kikafunguka kidirisha kidogo cha mkalimani.

Mkalimani alikuwa Riziki.

Alikuwa na nguo zake za kazi, amesimama kwenye kolido ya hospitali. Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka namba yake kwenye barua! Walimpigia asubuhi ile, wakamwambia kuna wajumbe wa mji wa kwenu, tafadhali tusaidie lugha, naye akakubali kwa moyo mzuri, hajui ni nini, mpaka alipoona mstari wa mbele na mikono yangu mipana. Nilimwona anavyotambua. Uso haukucheza, nyusi tu zilipanda.

Meya akasema maneno marefu, anatabasamu. Riziki akageuza kwa sauti ya taarifa ya habari: "Mukubwa wa muji anasema anafurahi sana kuwaona. Anasema milango ya muji iko wazi kwa ajili yenu." Halafu, kwa sauti ile ile, bila kupumua: "Na miye nauliza: yaya, hii njo nini?"

Papa Asumani, aliyedhani swali limetoka kwa meya, akasimama wima. "Mwambie mukubwa, hii njo delegasyo!"

Meya akaendelea. Riziki akageuza: "Anasema kutakuwa na chakula, na muziki, na divai namna kumi na mbili za kuonja."

"Divai?" darasa zima likauliza kwa pamoja, na kwa bahati yangu mbaya malkia akachagua dakika hiyo hiyo kuinua glasi na kututakia afya. Imamu akaniangalia. Mwenyekiti wa mamas wa soko akaniangalia. Papa Asumani aligeuka polepole, "Madamu Asina, uliisha kutuambia ni maji ya zabibu," na nyuma nikasikia Papa Kambale ameanza tena kukohoa. Jasho lilinitoka nikahisi linashuka ndani ya ile mikono ya fundi. Na Riziki bado hajamaliza: "Na miye nasema: hii wikendi ilikuwa ya watu wawili. Niliiomba hospitali tangu miezi ine. Yaya, ulisahau juu ya nini tunaenda?"

Meya akauliza swali, uso umejaa wema. Riziki akaligeuza akiniangalia mimi peke yangu. "Anauliza, delegasyo inataka kuona nini zaidi katika muji wake?"

Papa Asumani akanisukumia hotuba, kurasa mbili nilizoandika mwenyewe (na kopi zake). Nikasimama nayo. Nikatazama mstari wa kwanza, nikatazama kile kidirisha. Nikaiweka mezani.

"Papa Chefu, wandugu, munisamehe," nikasema. "Hakuna delegasyo. Iko miye na mudogo wangu tu. Niliandika ile barua juu ya kujitambulisha, kiisha nikaogopa kusema. Tulitaka tukae siku mbili nimuelezee namna mama alikufa. Yeye alisikia kwa foni, alikuwa mutoto, na miye nilimwambia terminé, watu walikuwa wananingojea nyuma, nikatoka. Hakuna muntu alimupatia pole. Hakuna hata mumoja."

Riziki ameziba mdomo kwa mkono, meya anauliza kitu, ni wazi anauliza nimesema nini, na hakuna wa kumjibu, anamtazama malkia na malkia anamtazama yeye. Mimi nasubiri kuanza kufokewa, na nilistahili.

Papa Asumani akainuka, akanyoosha kikwembe chake, akanipita bila kuniangalia, akaenda mpaka kwenye kompyuta, akainama karibu sana hata paji la uso wake likajaza shuka lote ukutani.

"Riziki. Mutoto wa Ramazani. Miye Asumani. Pole, mwanangu. Pole ya mama. Kaburi yake miye nilichimba, na mvua ilikuwa inanyesha, lakini shimo haikuingia maji hata kidogo. Nilikuwa nataka ujue."

Akasogea kando. Nyuma yake alikuwa ameshasimama Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta, anajifuta macho na ndege wa Papa Kambale. "Riziki mama, pole. Miye njo nilimuosha. Sanda tulikosa muji muzima, kiisha nikatoa rido yangu nyeupe ya dirisha, ilikuwa mupya. Alienda vizuri. Alienda safi." Na nyuma yake mwingine, na mwingine, foleni ikazunguka madawati mpaka mlangoni, kila mtu anainama kwenye kompyuta, pole Riziki, pole dada, mama yako alikuwa akinipa moto asubuhi, mama yako alinifundisha kusuka. Papa Kambale naye akapanga foleni. "Miye sikumujua, nilifika kiisha vita," akasema, "lakini pole, dada." Riziki amekaa chini kwenye kolido, analia wazi wazi, anajibu kila mmoja, "Aksanti, papa. Aksanti, mama," kama mfiwa anavyotakiwa kujibu, na ilikuwa mara yake ya kwanza. Imamu akasoma dua, wakristo wakainamisha vichwa.

Na wale wajerumani? Walikuwa bado wapo! Hawakujua watokeje. Malkia aliweka glasi chini, baadaye akavua na taji akaliweka magotini. Meya alipoona watu wote wamesimama naye akasimama, mikono mbele, mpaka dua ilipokwisha. Ndipo Riziki akamweleza, maneno machache tu ya Kijerumani, naye akajibu.

"Anasema mapokezi hakuna tena," Riziki akageuza, sauti imekauka. "Anasema watu wawili wenye kuja wikendi ni wageni kama wengine, waingie tu. Na anaomba..." akapangusa pua, "anaomba yaya asimuandikie tena."

Papa Kambale ndiye aliyeanza kucheka, darasa likafuata, na mimi nikacheka na machozi yangu na kamasi zangu, mbele ya wakuu wa miji miwili.

Msidhani yaliishia kwenye kicheko. Papa Asumani aliumia, na alikuwa na haki. Jumatatu aliniita akaniambia, "Madamu, ungelisema tu," nikamwambia Papa Chefu, ulikuwa na furaha sana siku ile, akajibu, "Nilikuwa nayo, ndiyo." Alinipangia mfereji wa mbele ya ofisi yake kwa salongo tatu mfululizo, nikausafisha bila kunung'unika. Vile vikwembe vya ndege vinavaliwa mpaka leo, harusi, soko, kanisa, kila nikigeuka naona delegasyo. Na nimeapa: safari ya watu wawili itabaki ya watu wawili, na jambo la moyoni silipelekei muhuri. Kopi nimepunguza. Siku hizi naweka tatu.

Tulikwenda. Kwenye stesheni ya kamji kale hakukuwa na mtu anayetungojea, manyunyu yanaanguka, raha tupu. Bibi alitupa chumba chetu chenye vitanda viwili vifupi na supu yake kweli alipika. Jumamosi asubuhi na mapema, sikukuu yao haijaanza, tukipita uwanjani tukakutana na meya uso kwa uso, hana mkufu, amebeba mikate kwapani. Alituangalia, akatikisa kichwa jinsi unavyomsalimia mgeni yeyote, akaenda zake. Riziki alicheka akajishika kwenye ukuta.

Mengi alikuwa ameshayasikia kwa wale watu hamsini, mvua, kaburi, rido ya Mama Zuhura, kwa hiyo tuliongea mambo mengine na kulala mchana. Jumapili, tumekaa kwenye benchi kando ya mto, begi ziko miguuni, akaniuliza bila kuniangalia.

"Yaya, mama aliniita?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia ukweli, kwamba siku ya mwisho mama hakunitambua tena mimi, akawa ananiita Riziki, tangu asubuhi, Riziki leta maji, Riziki uko wapi.

"Na weye ulimujibu nini?"

"Niliitika labeka."

"Mara ngapi?"

"Kila mara aliita."

Akajilaza kwenye benchi, kichwa magotini pangu, mwanamke mzima na viatu vyake vipya vya kutembea, na treni yetu ikaja ikaondoka, tukapanda ile iliyofuata.